Kitabu Kifunguacho Sikio

Kengele ya kanisa inapolia alfajiri, waitambuaje? Utajibu, "Kwa mlio wake." Vema. Lakini ni kwa mshindo wa kwanza, au kwa mvumo unaofuata?

Swali hili lilimshughulisha Mfaransa mmoja, Pierre Schaeffer, injinia wa redio mjini Paris. Mwaka 1948 alinasa mlio wa kengele katika sahani ya santuri, akauacha mshindo wa kwanza, akabakiza mvumo peke yake. Kumbe, kengele haikuwamo tena! Sauti ilifanana na ya zumari.

Mwaka ule ule alikwenda stesheni ya Batignolles kunasa milio ya magarimoshi, akaiunganisha ikawa kipande cha muziki cha dakika tatu hivi. Tarehe 5 Oktoba 1948 redio ya Ufaransa ilitangaza vipande vyake vitano vya namna hiyo.

Mwenye kuvisikia kwa mara ya kwanza atasema, "Hizi ni kelele tu." Tusimlaumu, sikio hupenda lilichozoea. Lakini mwaka 1952 Schaeffer alitoa kitabu, À la recherche d'une musique concrète, yaani kuutafuta muziki wa sauti halisi. Sehemu yake kubwa ni habari za siku kwa siku: jinsi alivyokusanya vifuu vya nazi na honi za baiskeli, alichojaribu, kilichomshinda, na mashaka yake. Mwaka 2012 kilitolewa kwa Kiingereza pia. Msomaji hutembea naye hatua kwa hatua, na mwishowe huelewa alikuwa akitafuta nini.

Baada ya kukisoma waweza bado kuukataa muziki ule. Si neno. Utakuwa umeukataa ukiujua.

Wazazi, jambo hili latuhusu. Kazi iliyoanza kwa sahani za santuri ikaendelea kwa utepe wa sumaku, na leo vijana wetu husikiliza muziki uliotengenezwa kwa kompyuta. Kabla ya kusema, "Zima kelele hizo," mwulize kijana anasikia nini humo. Naye kijana asione haya kutafuta kitabu kinachoeleza muziki wake ulitoka wapi.

Jioni hii jaribuni nyumbani: fumbeni macho, mtu mmoja agonge sufuria, na wote wasikilize mpaka mvumo uishe kabisa. Kisha kila mmoja aseme alichosikia.