Weka simu kando, mchore mtu aliye mbele yako

IWAPO unachora sura za watu mtaani ili upate riziki, kazi yenyewe unaijua. Mteja anakutumia picha kwa WhatsApp. Unaikuza kwenye skrini, unaigawa kwa miraba, unapiga miraba mingine kwenye karatasi, kisha unahamisha mmoja baada ya mwingine. Baada ya siku tatu, hata jasho la puani linaonekana. Ukiiposti, wasee wanakumiminia sifa. Noma sana.

Kisha siku moja mteja anavuta kiti, anakaa mbele yako na kusema: "Nichore hapa hapa." Anapumua. Anageuza shingo. Anakunja mguu. Ghafla mkono wako unakataa. Kichwa kinazidi mabega, mikono inakakamaa kama mbao, na ukimaliza mteja anaitazama karatasi kwa adabu, akishindwa kukuuliza huyo ni nani.

Hiyo haimaanishi huna kipaji. Umejifunza tu kazi moja kati ya mbili. Anayenakili picha huhamisha kitu bapa hadi kwenye karatasi bapa. Kamera ishaamua mwanga utoke wapi na mtu aishie wapi. Anayemchora mtu hai huamua yote hayo mwenyewe, na haraka, kabla modeli hajachoka.

Tofauti hii sasa inagusa mfuko. Kuna programu za simu zinazogeuza picha yoyote kuwa mchoro wa penseli kwa sekunde chache. Ikiwa unachouza ni kunakili tu, mshindani wako hali, halali, wala halipi kodi ya nyumba.

Onyo lenyewe si geni Nairobi. Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania aliyesomea Makerere na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha Paa ya Paa mnamo 1965, anajulikana kwa kauli yake kwamba kuiga humfanya Mungu asinzie. Yeye alikuwa akiwakanya wanaoiga kazi za wasanii wengine, lakini anayeishi kwa kuiga skrini pia ana la kujifunza hapo.

Kwa nini mtu hai?

Simu ina jicho moja, wewe una mawili. Ukipiga picha kwa karibu, pua huvimba na masikio kurudi nyuma. Ukiinakili, unanakili kosa la lenzi. Tena, picha haikuonyeshi uzito. Mtu aliyesimama steji akisubiri matatu hasimami kwa miguu yote miwili sawasawa. Huegemea mmoja. Nyonga ya upande huo hupanda, na mara nyingi bega la upande huohuo hushuka. Ukiliona hilo mara moja, utaliona kila mahali: kwa mama mboga, kwa kondakta mlangoni, kwa askari wa geti saa nane za usiku.

Wanaotengeneza vibonzo walilijua hili mapema. Mnamo 1932, Walt Disney alimwajiri mwalimu Don Graham, kutoka shule ya sanaa ya Chouinard jijini Los Angeles, awafunze wachoraji wake studioni kuchora watu hai. Hawakuwa wanafunzi, walikuwa tayari wameajiriwa. Lakini huwezi kumfanya mhusika arukeruke kwenye skrini kama hujui mwili hujikusanya vipi kabla ya kuruka. Kijana wa Nairobi anayeota kuingia katika vibonzo, tasnia iliyotupa Tinga Tinga Tales mwaka wa 2010, anahitaji somo hilohilo.

Anza na sekunde 30

Kwanza tuelewane kuhusu neno modeli. Hapa si mwanamitindo wa jukwaani, bali ni mtu yeyote anayekubali kukaa au kusimama bila kusonga ili achorwe.

Darasa huanza kwa pozi fupi: sekunde 30, dakika moja, mbili. Hapo hakuna muda wa kope wala vifungo vya shati. Unatafuta mstari mmoja unaobeba mwili mzima, kutoka utosini hadi kwenye kisigino chenye uzito. Chora kwa bega, si kwa vidole. Tumia karatasi kubwa ya bei rahisi, na makaa kama unayo. Ishirini za kwanza zitakuwa mbaya. Endelea.

Ukifika kwenye pozi za dakika 10 au 20, anza kupima. Nyoosha mkono wote, funga jicho moja, shika penseli wima. Ncha ilingane na utosi wa modeli, kidole gumba kishuke hadi kidevuni. Hicho ni kichwa kimoja. Sasa hesabu vichwa hadi unyayoni. Mtu mzima aliyesimama huwa takriban vichwa saba na nusu. Mtoto mchanga, vinne. Lakini akikaa na kukuelekezea goti, sahau hesabu hiyo: paja litaonekana fupi ajabu, na utalazimika kuliamini jicho kuliko unachokijua.

Jifunze pia kwa fundi wa ujenzi. Yeye huning'iniza timazi kujua kama ukuta umesimama wima. Nawe fikiria timazi ikishuka kutoka kwenye kishimo cha shingo ya modeli. Kama uzito wote uko mguu mmoja, itaangukia karibu na kifundo cha mguu huo. Mchoro wako usipofuata hivyo, mtu wako anaanguka.

Mwisho, chora mahali pasipo na mtu. Akishika kiuno, kati ya mkono na ubavu kuna pembetatu tupu. Ichore hiyo pembetatu vizuri, na mkono utajikuta mahali pake.

Suala la nguo

Najua unachofikiria. Kuchora mtu hai si kuchora mtu uchi?

Katika vyuo vya sanaa vya Ulaya, modeli wa uchi amekuwa sehemu ya masomo kwa karne nyingi, na hata huko aibu iliamua nani asome. Royal Academy ya London ilipoanzishwa mwaka wa 1768, wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser, walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Lakini Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa katika chumba chenye modeli wa kiume aliye uchi, hakuwaweka wawili hao chumbani. Wanaonekana tu kama picha mbili zilizotundikwa ukutani, kwa kuwa mwanamke hakutakiwa kuwepo. Wanafunzi wa kike wa chuo hicho walisubiri hadi 1893 ndipo wakaruhusiwa kumchora modeli wa kiume, naye akiwa amefunikwa kiuno.

Kwetu wengi wangeona haya, na hakuna ubaya kusema hivyo. Wala huhitaji uchi ili uanze. Fulana na kaptura zinatosha kuonyesha bega, goti na uti wa mgongo. Leso iliyofungwa kiunoni itakufunza mikunjo ya kitambaa kuliko suruali yoyote.

Heshima kwa anayekaa

Tatizo kubwa zaidi ni jinsi tunavyomchukulia modeli. "Si anakaa tu?" Mnamo Desemba 2008, modeli wa Paris walivua nguo katika baridi kali na kupiga pozi nje ya ofisi ya jiji, wakilalamika kwamba wamenyimwa ruhusa ya kupitisha karatasi ya kukusanyia bakshishi kutoka kwa wanafunzi. Kukaa tuli ni kazi, na kazi hulipwa.

Basi mkianzisha kikundi cha kuchora mtaani, wekeni masharti kabla ya penseli. Malipo na muda vijulikane mapema. Modeli awe mtu mzima aliyekubali mwenyewe, na awe huru kukataa pozi lolote. Hakuna anayemgusa, ukitaka ageuke, mwambie. Simu zote zikae mfukoni. Alameni miguu yake kwa chaki ili akipumzika ajue pa kurudi. Wanasema macho hayana pazia, lakini chumba cha kuchorea kina adabu zake.

Ukiwa wewe ndiye unayefundisha, usichore juu ya karatasi ya mwanafunzi. Simama nyuma yake, uone anachoona yeye kutoka pale alipo, kisha uliza: uzito uko mguu gani? Mara nyingi swali hilo moja linatosha.

Na kama hamna pesa za kumlipa mtu, kaeni kwa zamu. Hata nyumbani, muombe shosho ruhusa umchore akichambua sukuma, atasahau upo. Ila zamu yako ya kuchorwa usiikwepe. Inua mkono mmoja, uuweke hapo dakika tano. Ya kwanza ni rahisi. Kufikia ya tatu bega linawaka, vidole vinatetemeka, na unaanza kuhesabu sekunde. Siku nyingine ukichora bega la mtu aliyeinua mkono, utakuwa unalijua kwa ndani, na utakumbuka kumwambia apumzike kabla hajaomba.