Meza Ambayo Muzee Anaweza Kusikia



Je, umekwisha kukaa kwenye meza ya sikukuu, watu wanacheka pande zote, na wewe hujui wanacheka nini? Mimi sikuwaza jambo hilo mpaka siku niliyokaa karibu na baba mkwe wangu mahali pa michezo panapoitwa Disneyland Paris, inchi ya Ufaransa. Siandiki ili kujisifu kwa safari. Tulialikwa, na feza haikutoka mfukoni mwangu. Ninaandika kwa sababu kule, katikati ya kelele kuliko soko la siku ya jumamosi, nilijifunza kitu ambacho ilinipasa kukijua miaka 20 mbele.

MIAKA 50 YA NDOA

Baba mkwe wangu alifanya kazi ya mgodi wa chini miaka 26, na mashine ya kutoboa mawe mikononi. Mama mkwe alilima na kuuza samaki, akasomesha watoto. Katika mwaka wa 2024 walitimiza miaka 50 ya ndoa. Mdogo wa mke wangu, anayeishi Bruxelles tangu 2008, alisema: "Safari hii ni mimi nitafanya feti." Akatuita wote wanne.

Lakini kulikuwa na jambo kati ya binti huyu na baba yake. Alipoondoka kwenda Ulaya, muzee hakusema neno. Na tangu siku ile, kila mara binti alipopiga telefone, baba alijibu maneno yaleyale: "Aksanti, niko muzima, zungumuza na mama." Kisha alitoa telefone mkononi kama kitu cha moto. Miaka 16 ginsi hiyo! Binti alijua moyoni mwake: Papa amenikasirikia. Mke wangu alijua vilevile. Mimi mchungaji nilijua. Hakuna aliyeuliza.

Watoto wa shemeji ni watatu. Walipoulizwa sikukuu ya babu na bibi ifanyike wapi, walijibu kwa sauti moja: Disneyland. Mama yao akaona vema kufurahisha wajukuu na wazee kwa feti moja. Tukapanda gari, tukaenda karibu kilometa 300.

MAHALI PENYEWE

Disneyland Paris iko upande wa mashariki wa Paris, kama kilometa 32 kutoka katikati ya muji. Ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, ikiitwa Euro Disney. Kuna bustani mbili za michezo, ya pili ilifunguliwa 2002. Kuna hoteli, ziwa, na barabara ya maduka na restora. Katika bustani ya kwanza unaona ngome ya rangi ya waridi, na treni ndogo inayozunguka pande zote.

Ni mahali palipotengenezwa kwa furaha ya watoto, na furaha ya watoto ina sauti. Muziki unatoka hata katikati ya maua. Watu wanapiga kelele kwenye mashine zinazoshuka mbio. Saa ya chakula, maelfu wanatafuta kiti pamoja.

Jambo hili la saa lina historia yake. Mwanzoni, mwaka wa 1992, wakubwa wa kazi walifikiri kwamba watu wa Ulaya watakula kidogo kidogo muchana kutwa, ginsi Waamerika wanavyofanya kule Florida. Hawakujua desturi. Mfaransa anataka kukaa mezani saa sita na nusu, na jirani yake vilevile, na jirani wa jirani. Misururu ikawa mirefu. Tena hapakuwa na divai katika restora za bustani, Wafaransa wakanung'unika, na mwaka wa 1993 wakaanza kuiuza.

Sisi nasi tuliingia kula kati ya saa sita na saa saba. Restora ilikuwa kubwa, sakafu ya vigae, dari ya juu sana. Sahani ziligongana, watoto walilia, watu waliovaa kama wanyama wa sinema walipita meza kwa meza na kupiga picha. Si kosa la mtu, ndiyo kazi yake ile restora. Shemeji alisimama ili aseme neno la shukrani kwa wazazi. Alikuwa ameliandika kwenye karatasi. Alisema, akalia, akamaliza. Muzee alimwangalia, akatabasamu kidogo, kisha akaendelea kukata nyama yake.

Shemeji aliketi. Sitasahau uso wake. Hakuna aliyekula tena vizuri.

MAMA ALISEMA KWELI

Usiku, hotelini, shemeji alimwambia dada yake: "Umeona? Hata leo hakunijibu." Mama mkwe alikuwa akikunja kitenge chake. Akasema bila kugeuka:

"Papa yenu hana kiburi. Masikio yake yalibaki kule chini."

Tulinyamaza. Mama akaendelea. Miaka 30 yeye ndiye alikuwa akimrudilia maneno ya watu wanapofika nyumbani. Kanisani anamgusa mkono wakati wa kusimama. Watu wakicheka, naye anacheka. "Mwanaume hapendi kusema amekuwa kiziwi," mama alisema. "Na ninyi hamkuuliza."

Hebu nieleze kidogo, maana nyumba zetu za migodi zimejaa wazee ginsi hii. Sauti inapimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Waganga wanasema mtu anaweza kufanya kazi saa 8 kwa siku katika kelele ya 85. Ikipanda mpaka 88, sherti saa zipunguke kufika 4. Mashine ya kutoboa mawe inapita 100. Ndani ya sikio kuna nywele ndogo sana zinazochukua sauti mpaka bongo. Kelele inaziua, na zikikufa hazioti tena.

Zinazokufa kwanza ni zile za sauti nyembamba. Ndiyo sababu muzee anasikia kwamba mtu anasema, bali hashiki maneno. Herufi kama s, f, t na k zinapotea. "Fika", "pika" na "shika" zinakuwa neno moja. Katika chumba cha kimya anaweza kukisia kwa kuangalia midomo. Katika kelele hawezi kitu. Na kumpigia makelele hakusaidii, kunamfanya aone haya tu.

TULIVYOTAFUTA KIMYA

Asubuhi shemeji alichukua telefone. Hakuuliza, "Restora gani ni nzuri kupita zote?" Aliuliza: "Ni wapi muzee asiyesikia vizuri anaweza kula na watoto wake?" Swali hili lilifungua mlango. Mama mmoja wa kule alimjibu kwa upole, akampa meza kwenye restora inayoitwa Walt's, katika barabara ya kwanza ya bustani, inayoitwa Main Street. Vyumba vyake vya kulia viko kwenye etaji ya juu, navyo si ukumbi mmoja mkubwa. Ni vyumba mbalimbali. Tena akashauri: njooni baada ya saa nane, wakati wengine wanamaliza.

Tulipofika, nusu ya meza zilikuwa wazi. Tuliomba kona, mbali na dirisha la barabara. Mama mkwe ndiye alipanga viti, maana yeye ndiye mwenye kujua. Muzee alikaa mgongo kwa ukuta, ili kelele isimtoke nyuma. Shemeji alikaa mbele yake kabisa, ili aone midomo. Mimi nilikaa upande wa sikio baya, kwa kuwa wachungaji wanasema mengi.

Tuliomba juu ya chakula. Watoto wakaambiwa: mmoja mmoja, si wote pamoja. Muzee akageuza kichwa polepole, akatuangalia mmoja baada ya mwingine.

"Hapa minasikia bote," akasema.

Shemeji aliweka uma chini. "Papa, juu ya nini ku telefone hausemaka na mi?"

Muzee akashangaa. "Mwana wangu, ku telefone nasikia sauti yako, lakini maneno, hapana. Nilikuwa naogopa kuitika jambo yenye sikusikia. Nikasema heri mama asikie, atanielezea."

"Haukunikasirikia?"

"Kukukasirikia wewe? Siku ulienda, nililia ku choo, batoto basinione."

Wapendwa, yule dada mwenye miaka 43 alilia kama mtoto, na watu wa meza ya pili wakatuangalia. Kisha akatoa tena ile karatasi ya jana, akaisoma polepole. Safari hii muzee alijibu. Alisimama, akasema karibu dakika kumi, juu ya mama, juu ya njaa ya mwaka fulani, juu ya kila mtoto na siku aliyozaliwa. Mimi niliyemwoa binti yake sikuwa nimesikia maneno mengi ginsi ile kutoka kinywa chake. Akawabariki wajukuu, mkono juu ya kichwa. Chakula kilipoa. Mama alisema tu kwamba bukari haikuwepo.

Jioni tulishuka kutazama maandamano ya magari yenye maua na muziki. Kelele ilikuwa ileile ya jana. Muzee alisimama katikati, mkono wake ndani ya mkono wa binti yake, akicheka. Safari hii alijua anacheka nini.

KAMA NAWE UNA FETI KULE

Jamaa zetu wengi wanaishi Paris, Bruxelles au Lille, na wanapenda kupeleka wazazi mahali pale. Basi shikeni mambo haya:

1. Saa inapita bei. Restora ya feza nyingi kati ya saa sita na saa nane ya muchana inaweza kupiga kelele kuliko ndogo ya saa tisa. Uliza kwanza wanafunga saa ngapi.

2. Omba meza mapema, na toa sababu. "Ni miaka 50 ya ndoa, na baba hasikii vizuri." Usione haya. Wafanyakazi hawawezi kusaidia jambo wasilolijua. Kama hutaki wahudumu waje kuimba, sema vilevile.

3. Uliza kama Mickey au mabinti wa mfalme wanapita kati ya meza. Watoto watafurahi sana, basi wapeni chakula hicho siku nyingine. Usichanganye na saa ya maneno mazito.

4. Tazama chumba. Vigae, vioo na dari ya juu vinarudisha sauti. Zulia, mapazia na vyumba vidogo vinaimeza. Kaa mbali na jikoni, mlango na bafle.

5. Unaweza kutoka inje. Restora za hoteli hazihitaji tikiti ya bustani. Na muji wa Val d'Europe uko karibu, kituo kimoja mbele ya mwisho wa treni ya RER A. Kule kuna restora za wenyeji.

6. Juu ya feza: katika Ufaransa bei iliyoandikwa ina malipo ya wahudumu ndani yake. Maji ya bomba kwenye chupa ya meza ni ya bure, uyaombe tu. Kwa feti isiyo na pombe hakuna atakayekushangaa.

NA HUKU KWETU?

Wengi wenu hamtafika Disneyland, wala si lazima. Ninyi mna feti katika lupango, chini ya bashi, siku ya ndoa au ya diploma. Nani anawekwa karibu na bafle? Mara nyingi ni wazee, kwa kuwa viti vya heshima viko mbele, na bafle nayo iko mbele! Tunawapa heshima kwa mkono mmoja, tunawanyang'anya kwa mwingine.

Geuzeni mambo. Wekeni bafle mbali na wazee. Wakati baba au mama anataka kubariki watoto, zimeni muziki kabisa, si kuupunguza. Mtu mmoja aseme kwa wakati. Na nyumbani, kama muzee wako anatoa telefone mbio, usijibu moyoni mwako: amenikasirikia. Keti mbele yake, mahali pa kimya, uso wako mwangani, umwulize.

Ninyi vijana mnaofanya kazi na mashine leo, vaeni vizuia-kelele masikioni, hata wenzenu wakicheka. Siku moja mtoto wenu atasimama mbele yenu na karatasi mkononi, na mtataka kusikia kila neno.

Shemeji bado anapiga telefone kila jumapili. Sasa anapiga kwa ile ya picha, ili baba aone midomo. Na mama anangoja zamu yake.