Mshipa wa Shingo Ukichanika Ndani



Mtu ameanguka na boda boda. Ameinuka, amejipangusa vumbi, akasema, "Niko sawa." Siku ya tatu shingo inamuuma upande mmoja, na kichwa pia. Siku ya tano mkono umelegea, maneno hayatoki. Watu wananong'ona ati amerogwa. Sivyo! Huenda mshipa wa shingo ulichanika ndani.

Huchanika vipi?

Damu hupanda kwenye ubongo kwa mishipa minne: miwili mbele ya shingo na miwili nyuma. Tufikirie mpira wa maji. Ngozi ya ndani ikibanduka, damu hupenya ukutani na njia inakuwa nyembamba. Tena damu huganda pale. Kipande kikikatika na kupanda kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi, hata kama hajafika miaka 50.

Huletwa na ajali, au shingo kupindwa ghafla. Wakati mwingine hakuna sababu inayoonekana. Basi kinyozi akitaka kuvunja shingo yako mpaka ilie, mwambie asante, inatosha.

Hutibiwaje?

Mishipa hupigwa picha kwanza. Wengi hupewa dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miezi 3 hadi 6, na mara nyingi mshipa hupona wenyewe.

Dawa zikishindwa, au damu isipofika vizuri kwenye ubongo, daktari bingwa anaweza kuweka stenti. Hiki ni kijibomba cha wavu wa chuma. Huingizwa kwa mrija mwembamba, mara nyingi kupitia mshipa wa kinena, na daktari hukifuata kwa eksirei mpaka shingoni. Hapo hufunguka na kurudisha ngozi iliyobanduka ukutani. Shingo haikatwi. Lakini kazi hiyo yenyewe yaweza kuleta kiharusi, ndiyo sababu si kila mgonjwa huwekewa. Baadaye mgonjwa humeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama aspirini na klopidogreli. Akiziacha bila kuambiwa na daktari, stenti yaweza kuziba.

Kikundi kifanye nini?

1. Maumivu mapya ya shingo baada ya ajali, hasa kope moja ikilegea: hospitali siku hiyo hiyo. Mwelezeni daktari habari ya ajali.

2. Uso ukipinda, mkono ukilegea, ulimi ukiwa mzito: msingoje asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Msimpe aspirini nyumbani, kwa maana huenda damu inavuja ndani ya ubongo.

3. Tengeni pesa za gari sasa, na kila mwanachama ajue namba ya simu ya mwenye gari.

Tusiseme tutachanga kesho. Kiharusi hakingoji mkutano.