Takwimu za ngazi nyingi: ulipie nini, uache nini

Mwanafunzi wa uzamili anayejiandaa kuhoji kaya 600 za wavuvi kando ya Ziwa Victoria huanza bajeti yake na nauli, posho za wadodosaji, kuchapa hojaji na bando. Takwimu huwekwa mwisho kabisa, na mara nyingi huwa ni fedha ya kumpa mtu "anichambulie data". Mimi ningeanza na takwimu, kwa sababu fedha nyingi hupotea kabla hata hojaji ya kwanza haijajazwa.

Tufanye hesabu. Kaya 600 zimetoka mialo 20, yaani sehemu za kushushia samaki, kila mwalo kaya 30. Watu wa mwalo mmoja wanafanana: wanauza dagaa na sangara kwa wachuuzi wale wale, wanachota maji sehemu moja, watoto wanasoma shule moja, wakiugua zahanati ni ile ile. Ukifika kwa mtu wa thelathini pale Kayenze, mengi atakayokuambia ulishayasikia kwa waliotangulia. Kufanana huko hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1. Tuseme hapa ni 0.1. Kanuni inayofahamika kupitia kitabu cha Leslie Kish cha mwaka 1965 ni fupi: chukua idadi ya kaya kwa kila mwalo, toa 1, zidisha kwa ile namba ya kufanana, kisha jumlisha 1. Yaani 29 mara 0.1, jumlisha 1, unapata 3.9. Gawanya 600 kwa 3.9. Kwa kukadiria wastani au asilimia, sampuli yako ina nguvu ya kaya 154 tu, na posho umelipa za kaya 600.

Sasa zigawe kaya hizo hizo kwenye mialo 60, kumi kumi. Kigawanyo kinashuka hadi 1.9, na sampuli inakuwa na nguvu ya kaya 316. Ni zaidi ya mara mbili bila kuongeza hojaji hata moja. Kinachoongezeka ni safari, na safari za ziwani hazilingani bei. Kwa anayeanzia Mwanza, Igombe na Kayenze ziko ndani ya Ilemela, unakwenda asubuhi na jioni uko nyumbani. Kwenda Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Ukerewe bado unapanda meli hadi Nansio, au unazunguka Bunda na kuvuka pale Kisorya, na lazima ulipie malazi. Ukara ni kivuko kingine juu ya hapo. Hivyo swali la kwanza la mnunuzi ni hili: nauli ya kufika mwalo mpya ni shilingi ngapi ukilinganisha na posho ya kuongeza kaya ishirini kwenye mwalo uliopo? Mara nyingi mwalo mpya ndio wenye faida, hata kama risiti yake inatisha.

Modeli za ngazi nyingi zimetengenezwa kwa data ya namna hii. Zinatambua kwamba kaya imo ndani ya mwalo na mwalo umo ndani ya wilaya, kisha zinakuonyesha tofauti ipi inatoka kwa kaya na ipi inatoka kwa mwalo. Regresheni ya kawaida itaamini una kaya 600 zisizohusiana. Mara nyingi thamani ya p itashuka isivyostahili, na unaweza kutangaza matokeo ambayo hayapo.

Kwa upande wa programu, uamuzi wangu ni mwepesi. R ni bure, pamoja na RStudio na kifurushi cha lme4, na vyote kwa pamoja ni chini ya GB moja ya bando. Modeli nzima inakaa mstari mmoja:

lmer(kipato ~ elimu + (1 | mwalo), data = kaya)

Hayo mabano ya mwisho ndiyo yanayoiambia kompyuta kwamba kaya zimekaa kwa mialo. Stata ni nzuri na maelezo yake yamepangika vizuri kuliko ya R, lakini hata leseni ya mwanafunzi ya toleo dogo hulipiwa kwa dola, na ya mtafiti hufika mamia. Inunue kama idara yako tayari inaitumia na kuna wa kumuuliza. SPSS wengi wanaijua tangu shahada ya kwanza. Angalia tu kama nakala yako ina moduli ya Advanced Statistics, maana modeli hizi kwa kawaida hazimo kwenye kifurushi cha msingi. Nakala za kuchakachua zinazopita kwenye flash usiziguse: ni wizi, na virusi vinavyokuja nazo vinaweza kukuondolea data ya miezi.

Mafunzo yana bei pana zaidi. Kozi fupi ya nje ni ada, viza, tiketi ya ndege na hoteli, na bila mfadhili sioni sababu ya kuilipia kwanza. Dar es Salaam kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Changanyikeni, ila kutoka Mwanza uhesabu barabara ya zaidi ya kilomita 1,100 na malazi. Kwa anayeanza, kozi ya LEMMA ya Chuo Kikuu cha Bristol ndiyo bora: unajisajili bila malipo, inaanzia misingi kabla ya regresheni ya kawaida na kupanda taratibu, na ina mazoezi ya R na Stata. Ni ya Kiingereza na ni ndefu. Wanaoisoma peke yao ni rahisi kuiachia njiani. Tafuteni wenzenu watatu au wanne, mkutane kila wiki, kila mmoja aeleze sura moja kwa Kiswahili. Kwa mazoezi, data ya National Panel Survey ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapatikana bure kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia, na kaya zake zimepangwa kwa maeneo ya kuhesabia, kama zako zitakavyokuwa.

Ipo pia njia ya uchambuzi ya bei ya chini kabisa, na mfano wake ni wa hapa hapa Mwanza. Utafiti mkubwa wa Mwanza wa kutibu magonjwa ya zinaa ili kupunguza maambukizi ya VVU, ulioanza 1991 na kuchapishwa katika Lancet mwaka 1995, uliandikisha watu zaidi ya 12,000, lakini ulisimama juu ya jamii 12 zilizopangwa katika jozi 6. Maambukizi mapya kwa miaka miwili yalikuwa asilimia 1.2 kwenye jamii zilizopewa huduma na 1.9 kwenye nyingine, na ulinganisho ulifanywa jozi kwa jozi. Ukiwa na makundi machache, pengine chini ya 15 kila upande, kupata wastani wa kila kundi kisha kulinganisha wastani hizo ni halali na ni salama kuliko modeli nzito. Excel inatosha.

Kuhusu yule wa kukuchambulia data: ukimlipa akukabidhi majedwali, umenunua aibu ya siku ya utetezi, kwani mtahini atauliza kwa nini mwalo haumo kwenye modeli nawe huna jibu. Ukimlipa saa mbili akague mpango wa sampuli kabla ya kuondoka, halafu saa mbili nyingine asome modeli uliyoiandika mwenyewe, hiyo ndiyo fedha yenye thamani kuliko zote kwenye bajeti. Mwanza ina wataalamu wa kazi hii, kuanzia taasisi za utafiti wa afya za NIMR na MITU hadi chuo kikuu cha CUHAS pale Bugando. Nenda kwao kupitia msimamizi wako, ukiwa na swali lililoandikwa na idadi ya mialo, na uende kabla hojaji hazijapelekwa kuchapwa.