Milaya: Shuka za Nakshi za Arua na Koboko

Mgeni akaribishwaye kwa taadhima katika nyumba ya Wanubi mjini Arua, nchini Uganda, au kwa jamaa wa Sudani Kusini wanaokaa Koboko, aghalabu hukuta kitanda au kiti kimetandikwa shuka iliyojaa tausi, maua na majani ya nyuzi za rangi zisizoogopana, na ukingo wake umezungushiwa kazi ya kroshia. Hiyo ndiyo milaya, nayo hutariziwa kwa mkono, na huwa ni tunu ya arusi, pambo la sikukuu na fahari ya mwenye nyumba.

Wanubi ni dhuria wa askari wa Emin Pasha, yule liwali wa jimbo la Ikweta (Equatoria), kusini mwa Sudani, ambaye, baada ya Khartoum kutekwa na jeshi la Mahdi mwaka 1885, alikatikiwa na njia akahamia Wadelai ukingoni mwa Nile, na ambaye masalio ya jeshi lake yalichukuliwa na Kapteni Lugard, Mwingereza, mwaka 1891. Katika zama hizo hizo Ansari, yaani wafuasi wa Mahdi, waliofika Rejaf ukingoni mwa Nile mwaka 1888, walivaa jibba, yaani kanzu, za viraka, ambavyo mwanzo vilikuwa alama ya ufukara na zuhudi, walakini baadaye vikakatwa kwa mizani na kupangwa kwa ulinganifu hata vikawa pambo la amiri. Sidai kuwa milaya ilizaliwa humo. Nasema tu kwamba nchi hizi zimejua tangu zamani kuwa kitambaa hafifu, kikipata jicho na sindano, hupanda daraja.

Kazi yenyewe huanza kwa kalamu. Mwenye mkono mwepesi huchora ndege na mashada juu ya kitambaa, kisha sehemu inayoshonwa hubanwa katika kiunzi cha duara ili isilegee, na nyuzi hupitishwa kwa mshono wa mnyororo katika mashina, na kwa mishono iliyolala sambamba, bila mwanya, katika matumbo ya majani na mbawa za ndege. Shuka moja yaweza kula majuma mengi, maana haishonwi ila katika saa zilizosalia baada ya shamba, kisima na jiko. Na kwa kuwa saa hizo huwapata wanawake wengi kwa pamoja, jioni kivulini, kutarizi kumekuwa kazi ya baraza. Hodari wa kuchora huwachorea wenzake, aliyeishiwa uzi mwekundu huazimwa, binti anayejifunza hupewa jani la pembeni ambalo kosa lake halitaonekana, na mwenye kushona ovyo huambiwa na bibi zake, bila kufichwa, afumue. Hapo hapo huzungumzwa upatu, posa na bei ya mihogo.

Vita vilipozuka upya Juba, Julai 2016, na watu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Koboko na Yumbe, wapo waliobeba milaya katika vifurushi vyao, na wengine walianza upya kutarizi kambini. Mpiga picha Nora Lorek aliwapiga wakimbizi wa kambi ya Bidibidi, huko Yumbe, picha wakiwa mbele ya shuka hizo, nazo zikatokea katika jarida la National Geographic.

Tangu hapo milaya imetazamwa mno kama njia ya kuwatoa wanawake katika dhiki, na fedha, ni kweli, inahitajika. Lakini huko Marekani, wanachama wa Modern Quilt Guild, chama kilichoanzishwa mwaka 2009, ambao hukutana kushona mablanketi ya vipande vya nguo kwa rangi kali na mitindo isiyofuata kaida, hakuna awaulizaye wanajikimu vipi. Huulizwa kwa nini wameweka buluu pale. Mshonaji wa Arua naye astahili swali hilo. Mnunuzi anayeshika milaya sokoni na kuipima bei kwa shuka ya kiwandani iliyo kando yake hajaona kitu. Na afadhali amuulize mshonaji ni nani aliyemchorea yule tausi, na kwa nini mkia wake umepinda kushoto, kwa maana jawabu lipo, na laweza kuwa refu.