Cheti cha Ubatizo kwa Njia ya Simu

Mwanao anataka kufunga ndoa hapa Chunya, naye alibatizwa parokia ya mbali. Cheti chake kinatakiwa. Usiitupe picha yake katika kundi la WhatsApp, kila mtu akasoma majina ya wazazi. Karani aweza kukupelekea kiungo cha muda. Dropbox wanavyo tangu mwaka 2015, na hata asiye na akaunti kwao hukitumia. Unakigusa, unatia picha yako. Za wenzako huzioni. Ni kama sanduku la sadaka: wote hutia, mwenye ufunguo ndiye afunguaye. Siku iliyowekwa ikipita, kiungo hufungwa; usingoje tangazo la tatu. Lakini kwanza mpigie karani simu, maana wezi nao hutuma viungo. Na cheti chenyewe, chenye muhuri, ukilete vilevile.