Mfano wa Mfupa Mkononi mwa Daktari

Chukua mpini wa jembe uliopinda. Usimamishe juani, kisha tazama kivuli chake. Sasa uzungushe polepole. Mara kivuli kinapinda, mara kinanyooka. Lakini mpini ni ule ule.

Picha ya eksirei ni kama kivuli hicho. Huonyesha mfupa kwa upande mmoja. Kwa hiyo daktari hupiga picha ya mbele na ya ubavuni. Mara nyingi hizo zinatosha. Lakini mfupa wa mtoto unaweza kupinda kwenda nje, na tena kujisokota kama kamba. Mfupa wa namna hiyo ni vigumu kuupima kwa picha.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya hospitali duniani hutengeneza mfano wa mfupa. Kwanza, mtoto hulala katika mashine ya siti skani. Mashine hiyo hupiga picha nyingi, sehemu baada ya sehemu. Mtoto hakatwi. Pili, kompyuta huziunganisha picha hizo. Tatu, mashine nyingine huyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka, kama mfinyanzi anavyopandisha chungu. Baada ya saa nyingi hupatikana mfupa wa plastiki wenye kombo lile lile.

Daktari huushika, huugeuza na kuupima. Anaweza kujaribu kuukata na kuunyoosha kabla ya kumpasua mtoto. Akikosea kwenye plastiki, hakuna anayeumia. Mzazi naye huona kwa macho yake kitakachofanyika.

Mashine za namna hii zimefika Afrika Mashariki. Mwaka 2015, hospitali ya CoRSU huko Kisubi, Uganda, ilizijaribu katika kutengeneza miguu ya bandia ya watoto.

Lakini mfano hautibu, na watoto wengi hawauhitaji. Wanachohitaji ni kupelekwa mapema. Matege ya mtoto chini ya miaka 2 mara nyingi hunyooka yenyewe. Mpeleke mtoto kwa mganga wa zahanati ukiona haya:

1. Mguu mmoja tu umepinda.
2. Kombo linaongezeka, au mtoto anachechemea.
3. Amepita miaka 3, bado ana matege.
4. Amezaliwa na nyayo zilizogeukia ndani. Huyu apelekwe katika wiki za kwanza. Hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha huvaa viatu maalumu.

Wengine husema mtoto amerogwa, wakamficha ndani. Huko ni kumpotezea mtoto wakati wake. Ukiwa Mwanhuzi ukapewa barua ya rufaa kwenda Bugando, Mwanza, usiiweke sandukuni. Ni kweli, nauli ni kubwa, na pamba shambani haisubiri. Lakini mfupa wa mtoto nao hausubiri. Unakua kila siku na kombo lake.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini picha moja ya eksirei haitoshi?
2. Mfano wa mfupa humsaidia daktari namna gani?
3. Je, kijijini kwetu yuko mtoto anayefichwa? Tutamsaidiaje mzazi wake?